Nzi Weupe Walioshinda Chupa Tatu

Kila asubuhi, kabla hajabandika chai, Mama Pacha alitoka nyuma ya nyumba na kutikisa mche mmoja wa nyanya. Alitikisa mmoja tu. Huo ulitosha kumpa habari za shamba zima.

Asubuhi hiyo, alipoutikisa, liliruka wingu. Wadudu weupe, kila mmoja mdogo kuliko punje ya ulezi, walizunguka kichwani mwake, kisha wakatua tena chini ya majani yaleyale. Mmoja alimwingia puani. Mama Pacha akapenga kamasi kwa hasira.

Jana tu mumewe alipiga dawa. Harufu yake ilikuwa bado hewani.

"Baba Pacha," aliita, "njoo uwaone marehemu wako. Wameamka wote."

Mumewe alitoka akiwa na mswaki mdomoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoota sugu kwa mikanda ya pampu. Watu wa mferejini walimwita Fundi Pampu. Mashamba tisa yalipata maji ya mfereji ule, na yote ya nyanya yalipigwa dawa na yeye.

"Hao ni wageni," alisema. "Wametoka ng'ambo ya mfereji. Wetu walikufa jana."

"Wageni wamejuaje kitanda kiko wapi? Wamerudi kulala palepale."

"Keshokutwa ni zamu ya kifuniko cha bluu. Utaona."

"Cha bluu nimekiona. Chekundu nimekiona. Cha kijani nimekiona. Ninachotaka kuona ni nyanya."

Nyanya zenyewe hazikuwepo. Majani ya juu yalikuwa yamejikunja kama vikombe, na kingo zake zilikuwa za manjano. Majani ya chini yalinata, kwa sababu nzi weupe hunyonya utomvu wa mmea na kutoa majimaji matamu. Juu ya majimaji hayo ulikuwa umeota ukungu mweusi kama masizi ya chungu. Maua yalidondoka. Matunda machache yaliyobaki yalikuwa madogo na magumu.

Fundi Pampu hakuwa mzembe. Hilo lijulikane. Aliamka mapema, aliosha pampu yake, hakumdanganya mtu. Alikuwa na utaratibu wake, na aliuonea fahari. Alinunua dawa tatu. Moja ilikuwa na kifuniko chekundu na picha ya mwewe. Ya pili ilikuwa na kifuniko cha bluu na picha ya mkuki. Ya tatu ilikuwa na kifuniko cha kijani na picha ya radi. Wiki mbili alitumia chekundu, wiki mbili cha bluu, wiki mbili cha kijani. Alikuwa amesikia kwamba dawa inatakiwa kubadilishwa, naye alibadilisha. Walima nyanya wote wa mferejini walimwamini. Akisema "zamu ya bluu," walikwenda kununua ya bluu.

Mwanzoni aliweka kifuniko kimoja cha dawa kwenye pampu ya maji. Nzi walipozidi, akaweka viwili. Sasa alikuwa anaweka vitatu, na anapiga kila baada ya siku tatu.

Siku hiyohiyo, saa nne, alifika kaka yake mkubwa. Huyo alikuwa mfyatua matofali. Baba yao alipofariki, ardhi ilibaki chini ya mkono wake, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Hakuja kusalimia. Alipita kati ya mistari, akachukua udongo kidogo, akaufinyanga kwa vidole.

"Udongo huu unashika," alisema. "Nimefyatua matofali huko juu kwa udongo mbovu, kumbe udongo wenyewe uko hapa."

"Karibu kiti, shemeji," alisema Mama Pacha. "Udongo uache chini."

"Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe. Msimu uliopita hamkuvuna. Msimu huu hamvuni, macho ninayo. Nawapa kupanda mara moja tu tena. Mkikosa, nachimba."

"Ukichimba, ardhi hii haitalimwa tena. Litabaki shimo la maji ya mvua."

"Sasa hivi ni shamba la nzi. Bora shimo."

Akaondoka. Fundi Pampu alikuwa ameinama anakaza mpira wa pampu ambao haukuwa umelegea.

"Huna la kumjibu kaka yako?" aliuliza mkewe.

"Nimjibu nini? Amesema uongo?"

*

Mwaka uliopita Mama Pacha alikuwa amejiunga na darasa la watu wazima. Walisoma jioni, mara tatu kwa wiki, kwenye darasa la watoto, magoti yakigonga madawati. Mumewe alimtania kwamba anakwenda kujifunza kuandika barua za kumshtaki. Sasa alikuwa anasoma. Alisoma polepole, kidole kikitangulia, lakini alisoma. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi moja: kila chenye herufi nyumbani kwako, kisome.

Mama Pacha alikwisha kusoma pakiti ya majani ya chai, kiberiti, na kadi za kliniki za wanawe pacha. Kilichobaki ni kibanda cha dawa. Alasiri hiyo, kaka mkubwa alipokwisha kuondoka, aliingia kibandani, akavaa glavu, akatoa chupa tatu mlangoni kwenye mwanga.

Jina kubwa la kila chupa lilikuwa tofauti. Mwewe alijaza nusu ya karatasi. Mkuki ulijaza nusu ya karatasi. Radi vivyo hivyo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama miguu ya siafu, palikuwa na mstari mmoja. Ulianza na maneno "Kiini cha dawa," kisha likafuata neno refu asilolijua.

Alilinakili kwenye daftari, herufi moja moja. Akachukua chupa ya pili, akanakili. Akachukua ya tatu.

Alipotazama daftari, alidhani amekosea. Mistari mitatu ilifanana. Akarudia tangu mwanzo. Ikafanana tena.

Hakuishia hapo. Aligeuza chupa, akasoma mgongoni: "Usivune kabla ya siku saba baada ya kupiga dawa." Alikaa chini. Wao walikuwa wakipiga dawa kila baada ya siku tatu. Nyanya chache walizochuma msimu uliopita walizipeleka sokoni siku ya pili. Jikoni kwake pia alizikata siku ya pili. Pacha walizila mbichi, na chumvi.

Mumewe aliporudi, alimkuta amesimama mlangoni, daftari mkononi.

"Baba Pacha, hizi dawa si tatu. Ni moja."

"Nani kasema?"

"Chupa zenyewe."

"Mke wangu, miaka kumi na moja napiga dawa. Hii ya mwewe inanuka mafuta. Hii ya mkuki inanuka kama rangi. Hii ya radi inatoa povu. Utasemaje ni moja?"

"Nikivaa gauni la bluu leo, na kesho nikavaa jekundu, utasema umeoa wake wawili?"

Fundi Pampu alicheka kidogo, kisha akaacha. Alichukua daftari. Yeye hakujua kusoma, lakini maumbo aliyaona. Alifuata mstari wa kwanza kwa kidole, halafu wa pili, halafu wa tatu. Kidole kilipofika mwisho kilikuwa kinatetemeka.

"Yule wa dukani aliniambia ni tofauti," alisema. "Nilimuuliza. Kila mara nilimuuliza."

"Basi kesho tutamuuliza tena," alisema Mama Pacha, "na safari hii mimi ndiye nitakayeuliza."

*

Duka la pembejeo lilikuwa na kaunta ya mbao na rafu zilizojaa hadi darini. Muuzaji alivaa koti refu jeupe kama la hospitali. Kwa sababu ya koti hilo watu walimwita Daktari. Hakuna aliyewahi kumuuliza alisomea wapi.

"Karibu, mama. Wale nzi bado?"

"Bado. Nataka dawa nyingine."

"Mnatumia ipi sasa?"

"Ya kifuniko chekundu."

"Ahaa. Basi chukua hii ya bluu. Hii ni nyingine kabisa. Kali zaidi."

Mama Pacha aliishika chupa, akaigeuza. Akafungua daftari, akaliweka juu ya kaunta.

"Naomba unisomee mstari huu wa chini, Daktari. Halafu unisomee na huu wa kwenye ile nyekundu."

Muuzaji aliinama. "Maandishi haya ni madogo sana."

"Mimi nimeyaona, na nimeanza kusoma mwaka jana."

Wateja wawili waliokuwa wanasubiri mbegu walicheka. Mwingine alisogea karibu. Muuzaji alishusha sauti.

"Mama, mimi nauza ninacholetewa."

"Hapana. Unaletewa chupa. Umesema hii ni nyingine kabisa. Hilo neno ulilisema mwenyewe. Nani alikuletea?"

"Sasa mteja akirudi akaniambia dawa haifanyi kazi, nimpe chupa ileile? Atakwenda duka la jirani."

"Kwa hiyo ukampa ileile yenye kofia nyingine."

"Sikujua mama, haki ya Mungu. Mimi nafuata picha kama ninyi."

"Kama unafuata picha kama sisi, vua hilo koti. Sisi tulikuja hapa kwa sababu ya koti."

Muuzaji alishika kifungo cha juu cha koti lake, asijue afungue au aache. Mama Pacha alichukua daftari lake, akatoka. Mumewe alimfuata nyuma.

Mama Pacha alikuwa na haki ya kukasirika. Mtu anayetengeneza dawa anaweza kumchora mwewe hadi kucha, lakini jina la sumu yenyewe analiandika kwa herufi za kumpofua mtu. Anajua nani ananunua. Anajua kwamba wengi hawasomi, na wanaosoma wanasoma kwa shida. Halafu mkulima akipoteza shamba, anaitwa mjinga.

*

Kutoka dukani walikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kilimo. Bibi shamba alikuwa nje, anafuta matope kwenye buti zake za mpira. Mama Pacha hakungoja kuulizwa shida yake.

"Misimu miwili shamba letu linakufa. Ofisi yenu iko hapa. Mlikuwa wapi?"

Bibi shamba aliweka buti chini. "Umesema kweli," alijibu. "Nina pikipiki moja na mifereji kumi na minne. Lakini hilo si jibu la kumpa mtu aliyepoteza misimu miwili. Nionyeshe daftari."

Alilisoma, akatikisa kichwa. "Umefanya kazi ambayo ilikuwa yangu. Nitakuja leo."

Alikuja alasiri na mitungi mitatu midogo ya kioo. Alichuma majani mazuri matatu kutoka kitalu cha mbali. Akavaa glavu. Jani la kwanza alilichovya kwenye maji matupu. La pili alilichovya kwenye dawa ya Fundi Pampu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. La tatu alilichovya kwenye dawa nyingine aliyokuja nayo, yenye kiini tofauti. Yalipokauka, aliweka kila jani kwenye mtungi wake. Kisha akachukua mrija wenye kitambaa ndani, akawavuta nzi weupe kutoka kwenye nyanya. Ishirini aliwaweka mtungi wa kwanza, ishirini wa pili, ishirini wa tatu. Akafunga midomo ya mitungi kwa kitambaa chepesi.

"Isiguswe," alisema. "Iwekeni kivulini. Kesho saa hizihizi tutahesabu."

Kesho yake walihesabu. Mtungi wa maji, nzi mmoja alikuwa amekufa. Mtungi wa dawa nyingine, kumi na saba walikuwa wamekufa. Mtungi wa dawa ya Fundi Pampu, walikufa wawili. Kumi na wanane walikuwa wanatembea juu ya jani lenye dawa.

Fundi Pampu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliutazama mtungi wake.

"Wameizoea dawa yangu," alisema.

"Hapana," alisema bibi shamba. "Watu husema hivyo, lakini mdudu mmoja hazoei dawa kama wewe unavyozoea buti mpya. Sikiliza. Ulipopiga mara ya kwanza kabisa, kati ya nzi elfu nyingi, labda walikuwepo wawili au watatu waliozaliwa na mwili unaoweza kuishinda dawa hii. Uliwaua wengine wote. Hao wachache wakabaki na shamba zima peke yao. Wakazaa, na watoto wao wakarithi mwili uleule. Ukapiga tena sumu ileile. Dhaifu wakafa, sugu wakazaa. Kwenye joto, yai huwa nzi mzazi kwa muda wa wiki tatu hivi. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi kwa misimu miwili."

Mama Pacha alikunja uso. "Ni kama ninavyofanya na mahindi. Nachagua yaliyo bora ya kupanda, mengine nasaga."

"Ndivyo hasa."

"Kwa hiyo mume wangu amekuwa akichagua mbegu ya nzi."

"Kila baada ya siku tatu," alisema bibi shamba.

"Niliweka vifuniko vitatu," alisema Fundi Pampu polepole. "Nilidhani nawamaliza."

"Ulimaliza adui zao. Wale wadudu wa mgongo mwekundu wenye madoa, na vinyigu vidogo, hula nzi weupe na watoto wao. Hao hawakuwa na kinga. Nyuki pia. Na wewe mwenyewe unapumua dawa hiyo. Mikono yako inatetemeka tangu lini?"

Fundi Pampu alificha mikono mapajani. Mkewe alimtazama. Alikuwa ameuona mtetemeko ule muda mrefu. Alidhani ni uchovu.

"Nenda zahanati kesho asubuhi," alisema bibi shamba. "Wapelekee na chupa waone ulichokuwa unapiga."

"Atakwenda," alisema Mama Pacha. "Mimi mwenyewe nitampeleka. Sasa tuambie la kufanya. Tunapanda mara moja tu tena. Tukikosa, hapa panachimbwa matofali."

Bibi shamba aliwaeleza kwanza jambo lililowauma. Mche uliojikunja hauponi. Nzi weupe hubeba ugonjwa kutoka mche mgonjwa na kuupeleka kwenye mche mzima. Dawa ya nzi haiponyi ugonjwa huo. Kwa hiyo nyanya zote za mferejini zilipaswa kung'olewa, na magugu yake, zifukiwe kabisa. Kisha yapite majuma sita bila nyanya, bila pilipili, bila maharage, bila matango. Nzi wakose mahali pa kunyonya.

"Tupande nini hapo kati?"

"Vitunguu. Mahindi. Hawavipendi."

"Tukifanya sisi peke yetu?"

"Mtakuwa mmefagia chumba kimoja kwenye nyumba isiyo na milango. Wote tisa, au msijisumbue."

*

Jioni hiyo walikutana kwenye lango la mfereji. Wakulima waliposikia neno "kung'oa," walianza kusema wote kwa pamoja.

"Mimi bado nina matunda."

"Matunda yapi? Yale kama goroli?"

"Kwa hiyo Fundi Pampu, miaka yote hii ulikuwa unatupigia maji?"

"Heri ingekuwa maji."

Bibi mmoja wa shamba la mwisho, ambaye maisha yake yote alipanda vitunguu tu, alikuwa ameketi pembeni anatabasamu. "Niliwaambia limeni vitunguu," alisema, "mkasema nanuka. Leo bibi shamba mzima amekuja na buti kuwaambia mnuke kama mimi."

Watu walicheka, lakini mmoja hakucheka. Alimnyooshea Fundi Pampu kidole. "Huyu ndiye wa kulaumiwa. Tulimwachia mashamba yetu."

Mama Pacha alifungua mdomo kumtetea. Mumewe akamgusa bega, akasimama yeye.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyepiga. Nilijua pampu, nikadhani nimejua dawa. Chupa iliandika, mimi sikusoma, na niliona aibu kuwaambia kwamba sijui kusoma. Aliyesoma ni mke wangu. Kama mnanikasirikia, kasirikeni, mna haki. Lakini kesho naanza kung'oa shamba langu, mnikasirikie huku mnang'oa."

Alikaa. Yule aliyenyoosha kidole alikishusha.

Kesho yake, baada ya kutoka zahanati, ambako Fundi Pampu alikatazwa kugusa dawa bila glavu na barakoa, waling'oa. Mama Pacha aliikamata miche ya kwanza ya nyanya, aliyoiotesha mwenyewe tangu mbegu, akaing'oa na mizizi. Wingu jeupe liliruka. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Waliifukia ndani ya shimo refu, na kufikia jioni mashamba manane yalikuwa matupu. La tisa lilikuwa la vitunguu tangu zamani.

Kaka mkubwa alipita akaona ardhi tupu.

"Kumbe mmekubali," alisema. "Afadhali. Nitaleta majembe."

"Hatujakubali," alisema Mama Pacha. "Ulisema tunapanda mara moja tena. Bado hatujapanda."

"Mnangoja nini?"

"Tunangoja nzi wafe njaa, shemeji."

Alicheka hadi akashika kiuno. Alikwenda kuhadithia kote kwamba shemeji yake ameanzisha mfungo wa nzi.

Wiki ya nne Mama Pacha aligundua kitu. Nyuma ya bafu la jirani mmoja, miche sita ya nyanya ilikuwa imefichwa kwa mkeka. Aliutikisa mmoja. Nzi wakaruka.

"Ni sita tu, jirani," alisema mwenye bafu. "Ya mboga ya nyumbani."

"Sita tu? Nzi wawili au watatu walitosha kutuharibia misimu miwili. Shamba langu linachimbwa, jirani. La kwako halichimbwi. Utaing'oa mwenyewe, au niite wale saba waje waing'oe na mkeka wako?"

Aliing'oa mwenyewe, akinung'unika. Mama Pacha alisimama hapo mpaka mche wa sita.

*

Miche mipya waliiotesha mbali na mfereji, ndani ya kitalu kilichofunikwa neti yenye matundu madogo sana, ambayo nzi mweupe hawezi kupenya. Walipoihamishia shambani, walining'iniza vipande vya plastiki ya manjano vilivyopakwa gundi. Nzi weupe huvutwa na rangi ya manjano, wakitua, wananasa. Mama Pacha alihesabu walionaswa kila Jumatatu, akaandika. Kwa majuma mengi hawakuzidi wachache, na pampu ilikaa kibandani.

Nzi walipoanza kuongezeka, walipiga dawa mara moja, kwa kipimo cha chupa, asubuhi mapema, mdomo wa bomba ukitazama juu ili dawa ifike chini ya majani. Fundi Pampu alivaa glavu, barakoa na shati la mikono mirefu. Walipohitaji kupiga tena baadaye, walitumia dawa ya kundi jingine. Hawakuulizana rangi ya kifuniko. Bibi shamba alikuwa amewaandikia orodha, kila neno refu na kundi lake, kwa sababu hata maneno mawili tofauti yanaweza kuwa ya kundi moja na kuua kwa njia moja. Na walihesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mama Pacha hakumruhusu mtu yeyote kuchuma nyanya moja kabla siku hazijatimia, hata pacha wake mwenyewe walipolia.

Wale wadudu wa mgongo mwekundu walirudi wenyewe. Hakuna aliyewaita.

Nyanya zikaiva. Matawi yaliinama, ikabidi miti ya kuegemeza iongezwe. Siku ya mchumo wa tatu, kaka mkubwa alikuja. Hakuwa na jembe. Alisimama kwenye mlango wa shamba, akatazama mistari, akatazama matenga yaliyopangwa kando ya mfereji. Watu wengi walikuwepo, wanachuma na kubeba.

"Mmebahatika msimu huu," alimwambia Fundi Pampu kwa sauti ya chini.

Mama Pacha alimsikia. Aliweka tenga chini, akaja akifuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji, usiite bahati. Misimu miwili tulidanganywa kwa chupa tatu, tukadanganyika, tukalisha watu sumu, na mume wangu akatetemeka mikono. Wewe ulikuwa unapima udongo. Tulichofanya tumekisoma, tumekifanya, kimekuwa. Mimi nataka neno moja tu kwako. Unachimba?"

"Sichimbi."

"Liseme kwa sauti. Wenzio wanabeba matenga, hawajasikia."

Kaka mkubwa alitazama chini, kisha akatazama watu. Fundi Pampu alikuwa ameacha kuchuma. Safari hii hakuinama. Alimtazama kaka yake usoni na kungoja pamoja na wengine.

"Sichimbi," alisema kaka mkubwa kwa sauti. "Ardhi hii ni yao ya kulima."

"Msimu huu tu?" aliuliza Mama Pacha.

"Msimu huu na mingine."

"Ahsante, shemeji," alisema Mama Pacha. Akarudi kwenye mstari wake, kwa sababu ulikuwa umebaki nusu na jua lilikuwa linapanda.